Mgeni Kapewa Jembe Siku ya Kwanza

(Haya ni maongezi niliyoyatoa mbele ya mafundi wenzangu wa tovuti. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile vile nilivyoongea, mnisamehe pale mdomo ulipokimbia kuliko kichwa.)

Asanteni, asanteni. Naona viti vya mbele vitupu kama kawaida yetu, haya, tuanze hivyo hivyo.

Nianze na simu moja. Jumapili, saa mbili usiku, niko mezani, simu inaita, naangalia ni mwalimu mkuu wa shule moja niliyowatengenezea tovuti. Shikamoo mwalimu. Marahaba. Ila marahaba yenyewe ile fupi, ya mtu mwenye jambo. Akaniambia fundi, hebu tafuta jina la shule yetu Google halafu uniambie unaona nini. Nikatafuta. Jina la shule lipo, chini yake maandishi ya Kijapani na viatu. Kurasa mamia kwa mamia, shule ya bweni ya wasichana inauza raba kwa Kijapani. Nikanyamaza. Mwalimu naye kanyamaza kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka na aibu inanishika hapo hapo: "Fundi, sasa hela za hivi viatu zinaingia akaunti gani?"

Usiku ule sikulala. Na leo nimekuja kuongelea kilichonikesheza, yaani lile sanduku dogo tunaloliweka kwenye kila tovuti, "chagua faili", "aplodi hapa". Picha ya wasifu, CV, cheti, risiti ya malipo, logo. Tunaliweka kwa dakika tano halafu tunasahau kwamba tumetoboa ukuta.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza unamwangalia, unamjua ni nani, ndipo unamwonyesha shamba. Sasa seva zetu za PHP, ile lugha ya programu inayoendesha tovuti zetu nyingi, hazina subira hiyo hata kidogo. Faili lolote lenye mkia wa .php likishakaa ndani ya public_html, ile folda ya tovuti inayofikiwa na watu wote, mtu akaliita kwa anwani yake kwenye brauza, seva haimwonyeshi kilichoandikwa ndani, inalikabidhi jembe papo hapo, haya lima. Na linalima kwa mikono ya seva yenyewe, kwa ruhusa zote ilizonazo seva: linafungua wp-config.php, faili la mipangilio ya tovuti, linachukua paswedi ya databesi, linaandika mafaili mengine, linatuma barua pepe za utapeli usiku kucha, na usiku huo huo linajenga duka la viatu.

Na uzuri wa PHP kwetu ulikuwa ndio huo huo. Nakumbuka enzi za FTP, unarusha faili kwenye folda, unafungua brauza, inafanya kazi, hakuna kuzima hakuna kuwasha, ndiyo maana sisi wengine tuliojifunza kwenye internet cafe tuliweza. WordPress ni PHP, Joomla ni PHP, Drupal ni PHP, zote hizi programu za kujengea tovuti. Kwa hiyo tabia iliyotupa ugali ndiyo inayomfurahisha mwizi, ukishaweka faili limekuwa programu.

Faili kama hilo la mwizi wenyewe wanaliita webusheli. Kwetu sheli ni pale unapojazia mafuta, kuna dogo mmoja ninayemfundisha alinipigia nikiwa kwenye daladala, sauti iko juu, anasema bosi tovuti imewekewa sheli, abiria wa pembeni akaniuliza petroli mnauza bei gani. Tuendelee.

Kosa la shule lilikuwa langu, nisimsingizie mtu. Walitaka fomu ya kujiunga kidato cha kwanza, mzazi ajaze jina la mtoto, apandishe cheti cha kuzaliwa, picha au PDF. Nikaiandika mwenyewe nikajiona fundi kweli kweli. Na nilikagua! Siyo kwamba sikukagua. Nilikagua ile lebo ya aina ya faili inayokuja na faili lenyewe, kama imeandikwa image/jpeg pita, application/pdf pita, kingine rudi. Nilichokuwa sijui, au niseme nilijua ila sikukifikiria, ni kwamba lebo ile anaiandika mtumaji. Mlinzi anamuuliza mgeni getini, wewe nani? Mgeni anajibu, mimi picha. Karibu picha, pita ndani.

Asubuhi nilipoingia kwenye folda ya vyeti nikakuta jpg, jpg, pdf, jpg, na katikati yao php moja imetulia kama imezaliwa pale. Nikaifuta. Nikampigia mwalimu nikamwambia tayari. Jumatano viatu vimerudi.

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu wengi ndipo mnapokosea, na mimi nilikosea. Yule mgeni akishapewa jembe siku ya kwanza hachimbi shimo moja. Nilikuja kukuta faili lingine ndani ya wp-includes, jina lake limefanana na mafaili ya WordPress yenyewe kiasi kwamba ukipitisha macho huoni, na tarehe yake imerudishwa nyuma ilingane na majirani zake, maana tarehe ya faili nayo inabadilishika, usiiamini. Nikakuta adimini mpya ambaye hakuna mtu pale shuleni anayemjua. Nikakuta kazi ya cron, yaani ratiba ya seva inayojiendesha yenyewe, inayorudisha lile faili kila likifutwa. Na mbaya kuliko yote, ili kubana matumizi nilikuwa nimeziweka tovuti kumi na moja kwenye akaunti moja ya hosti, yaani kampuni inayotukodisha seva. Kanisa, zahanati, kampuni ya kupeleka watalii mbugani, duka la vipuri, wote ndani ya nyumba moja bila milango ya ndani. Wote walikuwa wanauza viatu.

Ilinichukua wiki. Hakuna kusafisha pale, ni kubomoa na kujenga: WordPress mpya kutoka kwao wenyewe, plagini mpya, yaani vile viongezeo vyake, themu mpya, yaani sura yake, databesi tu ndiyo nikaihamisha baada ya kuipitia, picha nikazipitia moja moja, paswedi zote zikabadilishwa, na kila tovuti ikapata akaunti yake. Gharama nililipa mimi. Sawa tu.

Sasa nisijisute peke yangu, kwa sababu nilipoanza kusoma kuhusu haya mambo nikagundua wakubwa nao yamewakuta, tena kwa namna ambayo ukiisikia unasema aah, hata mimi ningefanya hivyo.

Mnaikumbuka Septemba 2020? Kuna plagini ya WordPress inaitwa File Manager, kazi yake kukuruhusu kusimamia mafaili ukiwa ndani ya dashibodi bila kuingia cPanel, ule ukurasa wa hosti wa kusimamia seva. Ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Ndani yake ilitumia maktaba ya watu wengine, elFinder, na hao watu wa elFinder waliweka faili la mfano, la kumwonyesha fundi jinsi ya kuunganisha, na kwa busara yao wakalimalizia jina na .dist ili seva isiliendeshe, ni la kusoma tu. Sasa mtengenezaji wa plagini akalibadilisha jina likabaki .php. Ndiyo hivyo tu. Halikuwa na ukaguzi wowote wa nani anaita, ni mfano, nani anaweka kufuli kwenye mfano? Basi mtu yeyote duniani, bila paswedi, bila akaunti, aliweza kuliita na kuliambia nipokelee faili hili. Matoleo ya 6.0 mpaka 6.8 yote yalikuwa wazi. Tarehe 1 Septemba likatoka toleo la 6.9 lililolitoa lile faili, lakini mashambulizi yalikuwa yameshaanza, na ndani ya siku chache tovuti zilizogongwa mlango zilizidi milioni moja, hata zile ambazo hazikuwa na plagini hiyo kabisa, maana hawa jamaa hawachagui, wanapita mtaa mzima wanasukuma kila geti.

Kilichonichekesha, na kunitisha, ni kwamba wezi walipoingia walianza kuogopana. Kuna makundi yaliyokuwa yanavunja, yanaingia, halafu yanaliwekea paswedi lile lile faili bovu ili mwizi mwingine asipite. Mwizi anakufungia mlango vizuri kuliko wewe mwenye nyumba! Kwa hiyo ukikuta tovuti yako ghafla imekuwa salama na hujafanya kitu, uliza nani kaifunga.

Mimi tangu hapo plagini za kusimamia mafaili ndani ya dashibodi siweki. Mteja akiitaka namwonyesha cPanel. Kuna watu humu mtabisha, bisheni, ila siweki.

Ile ilikuwa habari ya mlango usio na mlinzi kabisa. Lakini habari tamu zaidi kwangu ni za milango yenye mlinzi, mlinzi yupo, ana kirungu, anasoma majina, na bado watu wanapita. Wanapitaje? Wanapita kwa sababu anayesoma jina getini, yaani ukaguzi wa fomu, na anayesoma jina jikoni, yaani seva inayoliendesha faili, ni watu wawili tofauti, na hawasomi sawasawa. Mkitoka hapa mmebeba hilo moja mimi nimeshiba.

Chukua Joomla. Joomla, kama hamjui, jina lake ni letu, ni neno la Kiswahili "jumla" limeandikwa kizungu, ilizaliwa 2005 ikitokana na programu iliyokuwa inaitwa Mambo, nadhani hakuna mtu aliyefurahi kuliko mimi siku niliyojua Mambo imezaa Jumla. Haya, Agosti 2013 ikagundulika kwamba sehemu ya kupandishia picha ya Joomla inamkataa mgeni anayeitwa faili.php, vizuri, lakini akija anayeitwa faili.php. yaani na nukta mwishoni, nukta tu, kama umemaliza sentensi, mlinzi anaangalia kilichopo baada ya nukta ya mwisho haoni kitu, anampitisha. Akifika ndani, seva inaangalia jina, inaona .php, nukta ya mwisho inaipuuza, inatoa jembe. Nukta moja! Wakatoa 2.5.14 na 3.1.5 kuziba, na waliokuwa bado wamekaa kwenye 1.5 iliyokuwa imeshaachwa na wenyewe wakabaki na lao, na mimi nilikuwa na wateja wawili kule kwenye 1.5, tusiongee sana.

Au Drupal, Novemba 2020. Faili lina mikia miwili, kitu.php.txt. Mlinzi anaona .txt, maandishi tu, pita. Lakini kuna seva zimepangwa zisome mikia yote, zikikuta .php popote kwenye jina zinaendesha. Nani mkosaji hapo, mlinzi au mpishi? Kila mmoja kasoma vizuri kwa kanuni zake.

Na hii nyingine ya Oktoba 2023, Royal Elementor Addons, zaidi ya tovuti 200,000. Hii jamani ni ya kukaa na kuitafakari na chai. Fomu yao ya kupandisha faili ilikuwa inapokea orodha ya mikia inayoruhusiwa kutoka kwa mtumaji mwenyewe, yaani mgeni anakuja na orodha yake ya wageni, hilo kosa la kwanza. Ila walikuwa na orodha nyingine ya pembeni ya mikia iliyokatazwa, php imo. Mshambuliaji akaandika ph$p. Imo kwenye orodha ya waliokatazwa? Haimo. Pita. Halafu, baada ya ukaguzi, jina linapelekwa kusafishwa, alama za ajabu zinatolewa, ile alama ya dola inaondoka, linabaki nini? Mmeona. Usafi ndio uliomvalisha mgeni nguo za mwizi. Ukisafisha, safisha kwanza ndipo ukague, usikague halafu ukasafisha, maana ulichokagua siyo unachokihifadhi.

Na ndiyo maana mkiniona nakasirika mtu akiniambia "bosi nimezuia .php" mjue sababu. Kuna .phtml, kuna .phar, kuna .php5, kuna herufi kubwa na ndogo, kuna nukta, kuna vitu bado hatujavisikia. Orodha ya waliokatazwa haiishi. Andika orodha ya wanaoruhusiwa, jpg, png, pdf, basi, wengine wote nje bila maelezo.

Mtu ataniambia basi tusiangalie jina kabisa, tuangalie ndani ya faili, picha ya kweli inajulikana. Ndivyo walivyofikiri wpDiscuz, 2020, tovuti kama 80,000, plagini ya maoni ambayo ilimruhusu msomaji yeyote kuweka picha kwenye maoni yake. Wao walichungulia mwanzo wa faili, kwa sababu kila aina ya picha ina alama zake za kuanzia, GIF kwa mfano inaanza na herufi GIF89a, mnaweza kuiona mkifungua na Notepad. Sasa mimi nikiandika faili langu la PHP nikatanguliza herufi hizo juu yake, je? Mwanzo ni picha, katikati ni programu, na jina nimelipa .php. PHP inaruka vile isivyovielewa mpaka ikute pale inapoanzia. Mchunguzi kasema picha, mpishi kasema PHP, jembe limetoka. Na marekebisho yao ya kwanza hayakutosha, ikabidi yatoke tena siku chache baadaye. Siwalaumu kwa hilo, mimi mwenyewe nilifuta faili moja nikasema tayari.

Wengine wakasema tuifungue picha, tuikunje upya iwe ndogo, tuiandike tena, hapo kilichofichwa kitapotea. Hiyo ni nzuri, naifanya, ila kumbukeni Mei 2016, ile programu ya kukunja picha inayotumika kila mahali, ImageMagick, ikakutwa na shimo ambalo picha iliyoandikwa kwa ujanja ilikuwa inaamrisha seva ifanye mambo wakati inakunjwa. Yaani daktari anampima mgonjwa anaambukizwa pale pale kitandani.

Naona nyuso zimeanza kukata tamaa. Subirini.

Desemba 2020, Contact Form 7. Hii mnayo karibu wote humu, zaidi ya tovuti milioni 5. Ikatangazwa ina shimo la kupandisha faili, kwenye jina la faili ukipenyeza alama isiyoonekana katikati ya mikia miwili, mlinzi anasoma mkia wa mwisho, halafu jina likaja kukatika pale kwenye ile alama likabaki la php. Ndugu yao ph$p kabisa. Wakatoa 5.3.2. Simu zangu siku ile zilikuwa hazipokeleki, kila mteja kasikia. Lakini maafa tuliyoyaogopa hayakuja, na sababu ndiyo iliyonifundisha kazi. Faili lililopandishwa kwa fomu ile lilikuwa linawekwa kwenye folda yenye jina la kubahatisha ambalo mshambuliaji halijui, folda yenyewe imekatazwa kuendesha chochote, na barua pepe ikishatumwa faili linafutwa mara moja. Mlinzi wa getini alidanganywa vizuri tu. Mgeni kaingia, kafika sebuleni, hajui chumba chake kiko wapi, hakuna jembe, na kabla hajakaa katolewa nje.

Kwa hiyo mimi sasa hivi getini nakagua, nakagua sana, ila siweki matumaini yangu pale. Nguvu naziweka ndani. Folda ya uploads nawaambia watu ni stoo, haina jiko, hakuna sababu yoyote duniani ya PHP kuendeshwa ndani ya uploads, picha zinasomwa tu. Kwenye seva inayotumia programu ya Apache unaweka .htaccess, kifaili cha kuipa seva masharti, inayokataa mafaili ya PHP pale ndani, kwenye Nginx, programu nyingine ya seva, inabidi uandike kwenye mpangilio wa seva yenyewe kwa sababu Nginx .htaccess haiisomi, utaiweka ikae pale kama pambo.

Na hapa kwenye pambo ngoja niwasimulie ya mwisho, kwa sababu inaihusu hata ile dawa ninayoiuza. Kuna kodi maarufu ya kupandishia mafaili, jQuery File Upload, ya jamaa anajulikana kama Blueimp. Mpaka 2018 ilikuwa imenakiliwa GitHub, lile ghala la kodi mtandaoni, zaidi ya mara 7,800, imo ndani ya programu nyingi kuliko tunavyojua. Aliiandika akaiwekea .htaccess kwenye folda ya mafaili, kama ninavyowaambia nyie sasa hivi. Safi kabisa. Ila Novemba 2010 Apache kwenye toleo la 2.3.9 walibadilisha kitu kidogo, kuanzia hapo kwa kawaida .htaccess haisomwi mpaka mwenye seva aruhusu. Walikuwa na sababu zao, kasi, na mwenye seva asipinduliwe na watumiaji. Lakini kufuli la Blueimp likawa limechorwa ukutani. Miaka 8! Oktoba 2018 ndipo mtafiti wa kampuni ya Akamai, Larry Cashdollar, akalitangaza, wakati huo kulikuwa na video YouTube za siku nyingi watu wanaonyeshana jinsi ya kupita. Mwandishi wa kodi hakukosea siku alipoandika. Nyumba ndiyo ilihamishwa, kufuli likabaki.

Kwa hiyo nikiweka .htaccess simwamini mtu, simwamini hosti, sijiamini mimi. Naandika kifaili cha PHP cha mstari mmoja kinachosema "habari", nakiweka mwenyewe ndani ya uploads kwa FTP, nakiita kwenye brauza. Ikiniambia habari, sijafunga. Ikinikatalia, nimefunga, nakifuta. Dakika mbili. Na narudia kila hosti wakituma ile meseji yao kwamba tumeboresha seva zetu kwa ajili yenu, meseji ile msiifurahie sana.

Jina la faili nalo sichukui la mteja. Nalitupa lote, natoa langu la kubahatisha, mkia natoa mimi kutegemea nilichokikuta ndani. Jina la mteja nalihifadhi kwenye databesi kama maandishi basi. Hapo nukta, mikia miwili, alama ya dola, vyote havina pa kushika.

Themu za kulipia zinazopatikana bure, mnaelewa ninachosema, zile za "nulled" mnazozitoa Telegram. Ile hata haihitaji shimo la kupandisha, umempandisha mwenyewe kwa mkono wako.

Kuna jambo lingine ambalo halina uhusiano na kudukua kabisa na linaniuma kuliko viatu. Vile vyeti vya kuzaliwa. Nilipokuwa nasafisha ile folda nikafungua anwani yake kwenye brauza, tu folda, bila jina la faili, na seva ikanipa orodha nzima. Majina ya watoto, bonyeza usome. Hakuna mdukuzi aliyehitajika, yeyote angeweza. Watoto wa kike wa miaka kumi na mitatu, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa. Na najua kuna fomu za ajira ziko hewani leo zinapokea namba za NIDA na picha za vitambulisho zinazitupa kwenye uploads vile vile. Kisheria siku hizi hii siyo aibu peke yake, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayofanya kazi tangu Mei 2023, Kenya wanayo yao ya 2019. Nyaraka za watu zisikae public_html kabisa. Ziweke folda ya juu yake, nje, ambako brauza haifiki, halafu andika ukurasa mdogo unaouliza wewe nani, umeingia, una ruhusa, ndipo unamtolea faili. Na zikishatumika zifutwe. Mtoto kashapokelewa kidato cha kwanza, cheti chake kinakaa kwako miaka sita kufanya nini?

Nimemaliza yangu, maswali.

(Maswali yalikuwa mengi, naandika moja tu.)

Kijana wa nyuma kabisa akasimama, akasema shikamoo bro, watu wakacheka. Mteja wake alitaka kuweka logo ya SVG, WordPress ikakataa, akatafuta mtandaoni akapata plagini inayoruhusu kila aina ya faili, akaiwasha, logo ikaingia, je ni vibaya?

Nikamwambia WordPress haikukataa kwa roho mbaya. SVG inaonekana picha ila ni maandishi, ndani yake inaweza kubeba JavaScript, yaani programu ya kwenye brauza, mtu akiifungua inaendeshwa kwenye brauza yake, na kama aliyeifungua ni adimini basi inafanya kwa jina la adimini. Logo moja uliyoifungua ukaisoma mwenyewe sina neno. Lakini plagini inayoruhusu kila kitu inaruhusu kila kitu, kwa kila aliyepewa haki ya kupandisha mafaili. Nikamuuliza, hiyo tovuti ina waandishi wangapi?

Akahesabu kwa vidole. Kumi na wanne, akasema, wengine walishaacha kazi.

Na plagini bado inawaka?

Bado. Nikifika nyumbani naizima.

Nikamwambia simu si unayo hapo mkononi. Akakaa, akainamisha kichwa, ukumbi mzima tukamsubiri, mtandao ukamzungusha kidogo, jirani yake akamwashia hotspoti. Akainua kidole gumba.

Haya, mwingine.